Mgonjwa wa TB kumeza dawa mbele ya msimamizi: ndiko kunakoponya, au kinachoponya ni kingine?

Mpima Makohozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila likizuka suala la kifua kikuu, hoja huwa ni zile zile. Upande mmoja watasema: kwa nini mtu mzima mwenye akili zake timamu asimamiwe kumeza vidonge? Upande wa pili watajibu: ukiwaachia wataacha dozi, na TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, itatumaliza. Nimefanya kazi maabara na kliniki ya TB kwa miaka, nimesoma tafiti zilizofanyika hapa kwetu na nje, na nina msimamo. Kumkodolea mtu macho anapomeza kuna nguvu ndogo kuliko tulivyofundishwa chuoni. Kilichowaponya wagonjwa wengi wa nchi hii ni dawa zisizokatika, rejesta isiyomsahau mtu, na msimamizi wa karibu ambaye mgonjwa mwenyewe amemkubali. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Bakteria wa TB ana mwendo wa taratibu mno. Hujigawa mara moja kwa karibu saa 20, wakati bakteria wengine wengi wanajigawa chini ya saa moja. Dawa zinaua haraka wale walio katika kugawanyika, lakini kuna wengine wanaolala tu ndani ya mapafu, na hao ndio wanaotufanya tuvute dozi hadi miezi 6. Miezi 2 ya mwanzo ni dawa nne kwa pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi 4 inayofuata ni rifampisini na isoniazidi. Siku hizi zote zimeunganishwa ndani ya kidonge kimoja, mtu mzima mara nyingi anameza vitatu au vinne kwa siku kulingana na uzito wake.

Sasa angalia mtego ulipo. Ndani ya wiki chache homa inakata, jasho la usiku linakoma, hamu ya kula inarudi kwa kishindo. Mtu aliyekuwa amelala chali sasa anabeba mizigo sokoni. Mwambie huyo kwamba bado ana miezi minne na ushee ya kumeza vidonge vinavyomgeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, vinavyomtia kichefuchefu na pengine kumuuma viungo. Anayeacha dozi mara nyingi si mjinga wala mkorofi. Anajiona amepona, na ana familia ya kulisha.

Kwa nini tusitumie dawa moja kali ikaisha haraka? Ilishajaribiwa. Streptomisini ilipopatikana miaka ya 1940, Waingereza waliifanyia utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 1948. Wagonjwa walipata nafuu ya ajabu, kisha wengi wao bakteria wakawa sugu na ugonjwa ukarudi. Tangu hapo ikajulikana kwamba TB hupigwa kwa dawa kadhaa kwa wakati mmoja.

Kusimamia kumeza kulianzia wapi? Wengi wanadhani ni amri ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Historia ni ndefu zaidi. Mwaka 1956 ulianza utafiti Madras, India, kulinganisha wagonjwa waliolazwa sanatoria, yaani hospitali maalumu za TB, wenye kitanda, hewa safi na chakula kizuri, na wale waliotibiwa wakiwa majumbani mwao kwenye mitaa ya kimaskini iliyobanana. Matokeo yalikaribiana, na watu wa nyumbani hawakuonekana kuambukizwa zaidi. Hapo ndipo sanatoria zilipoanza kukosa sababu ya kuwepo. Lakini swali jipya likazaliwa: akiwa nyumbani, nani atajua kama amemeza? Wallace Fox, aliyeongoza kazi ile, na wenzake ndio walioanza kusisitiza kwamba mgonjwa ameze mbele ya mtu.

Halafu ikaja zamu yetu. Kuanzia mwaka 1970 hivi, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki tafiti zilizofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na tafiti hizo ndizo zilizoonyesha kwamba rifampisini ikiwemo, miezi 6 inatosha. Kabla ya hapo dozi ilikuwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Hili huwa linanisikitisha: vijana wetu wanasoma tiba ya miezi 6 kana kwamba ilishushwa kutoka Ulaya, wakati waliotoa makohozi yao yapimwe mwezi baada ya mwezi ni watu wa hapa hapa.

Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliugua TB akiwa mfungwa wa kambi ya Mauthausen wakati wa vita. Rifampisini wakati huo ilikuwa ghali kupita kiasi. Uamuzi ukawa hivi: itatolewa miezi 2 ya mwanzo tu, mgonjwa akiwa amelazwa au anakuja kituoni kila siku, muuguzi anashuhudia. Baada ya hapo mgonjwa anaenda nyumbani na dawa za bei nafuu kwa miezi 6 mingine. Kwa hiyo usimamizi, kwa sehemu kubwa, ulikuwa ni njia ya kuilinda rifampisini isipotee na isizae usugu.

Lakini mkisoma alichojenga Styblo na Watanzania wenzake, akina H. J. Chum aliyeongoza mpango huo, moyo wake ulikuwa kitabu. Kila mgonjwa anaandikwa kwenye rejesta ya wilaya. Kila robo mwaka mratibu anachukua wote walioanza dawa robo ile ya mwaka uliopita, anawahesabu mmoja mmoja: amepona, amemaliza dozi, amefariki, amehama, amepotea, dawa zimeshindwa. Hakuna ruhusa ya kusema "wengi wanaendelea vizuri". Aliyepotea ni jina, na jina lina kijiji.

Mwaka 1991 yakachapishwa mahesabu ya gharama kutoka Malawi, Msumbiji na Tanzania yaliyoonyesha kwamba kutibu TB kwa mfumo huu ni miongoni mwa huduma za afya zenye faida kubwa kwa fedha kidogo. WHO ikatangaza TB kuwa dharura ya dunia mwaka 1993, na miaka ya katikati ya 90 ikaueneza mfumo huo duniani kwa jina la DOTS, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya tiba ya muda mfupi ambayo mgonjwa anatazamwa akimeza. Nguzo zake zilikuwa tano: serikali iliyojitoa, vipimo vya makohozi kwa darubini, tiba ya aina moja inayosimamiwa, dawa zisizokatika, na kumbukumbu. Kumtazama mtu akimeza ni sehemu ya nguzo moja tu, ila jina lote la mkakati likaegemea hapo, na dunia nzima ikadhani ndilo lenyewe.

Naweka nukta kwanza, nitarudi na tafiti. Karibuni.

Nesi wa Zamu

Shikamoo mkuu, nimesoma yote. Naheshimu historia, lakini mimi niko kliniki kila asubuhi. Nimewaona wagonjwa wakiweka kidonge chini ya ulimi, wakitoka nje wanatema. Nimemwona kijana aliyepewa dawa za wiki mbili nyumbani, akirudi anazo karibu zote. Hao nikiwaachia wenyewe unadhani nini kitatokea? Tafiti ni nzuri lakini ziwe na huruma na sisi tunaowafuata watu mitaani.

Mpima Makohozi

Marahaba dada. Nakuelewa, na kazi yenu ndiyo inayoshikilia mpango mzima. Hao uliowataja wapo kweli. Swali langu ni: je, kuwatazama kituoni ndiko kunakowabadilisha?

Afrika Kusini walijaribu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uligawa wagonjwa 216 kwa bahati nasibu: wengine wanameza mbele ya muuguzi kliniki, wengine wanajisimamia wenyewe. Waliofanikiwa katika kundi la kliniki walikuwa 54%, waliojisimamia 60%. Na waliokuwa wanarudia matibabu, wale hasa tunaowaona wakorofi, walifanya vizuri zaidi walipoachiwa wenyewe. Pakistan, mwaka 2001, wagonjwa 497: waliosimamiwa na mhudumu wa afya walipona 64%, waliosimamiwa na ndugu 55%, waliojimezea wenyewe 62%. Tofauti hakuna ya maana.

Thailand mambo yalikuwa tofauti: 76% walipona kwa kusimamiwa dhidi ya 67% bila kusimamiwa. Ila angalia walivyofanya. Mgonjwa alichagua mwenyewe nani amsimamie, mhudumu, jirani au ndugu, na kulikuwa na ziara za nyumbani. Yaani pale usimamizi ulipoleta faida, ulikuja na mtu wa kubisha hodi.

Mwaka 2015 Mkenya Jamlick Karumbi na Paul Garner walizikusanya tafiti za namna hii katika mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba: tafiti 11, washiriki 5,662. Jibu lao ni kwamba kusimamia kumeza peke yake, kukilinganishwa na mtu kujimezea, hakukuongeza uponaji kwa kiasi cha kuaminika.

Kwa hiyo yule kijana wako aliyerudi na dawa zote, mimi ningetaka kujua wiki mbili zile zilimpata akifanya nini. Alikuwa anatapika? Alikuwa analala njaa? Dawa hizi kwa tumbo tupu ni adhabu. Ameambiwa na nani kwamba amerogwa? Kumtazama hakujibu hata swali moja kati ya hayo.

Nesi wa Zamu

Hapo kwenye njaa umegusa penyewe. Dawa zinaongeza hamu ya kula, na nyumbani hakuna chakula. Kuna mama aliniambia wazi kwamba anaziacha kwa sababu akizimeza anasikia njaa ambayo hana cha kuituliza. Nilikosa jibu.

Lakini hizo ni Pakistan na Afrika Kusini. Kwetu je?

Mpima Makohozi

Kwetu ipo, na ni nzuri kuliko wengi wanavyojua. Kilombero walilinganisha wanaosimamiwa kituoni na wanaosimamiwa na mtu wa jamii kijijini, matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Temeke nao wakafanya hivyo hivyo mjini, wagonjwa 587, yakachapishwa mwaka 2004: baadhi kituoni, baadhi nyumbani kwa msimamizi ambaye ni ndugu au mgonjwa aliyepona zamani. Uponaji haukutofautiana kwa kiasi cha maana, si Kilombero wala Temeke. Kama matokeo ni sawa, basi yule anayetembea kila siku kwenda kituoni anabebeshwa mzigo bila sababu.

Mpango wa Taifa haukukaa kimya. Kuanzia mwaka 2006 ulianza kumpa mgonjwa nafasi ya kuchagua: kituoni, au nyumbani na msimamizi anayemtaka. Wilaya za mwanzo zilipofanya vizuri, ukasambazwa nchi nzima. Wengi wakapewa nafasi hiyo wakachagua nyumbani, kama mtu yeyote angefanya. Na leo kiwango cha Tanzania cha wagonjwa wanaomaliza matibabu kwa mafanikio ni zaidi ya 90%. Yaani tumelegeza kumtazama mtu kituoni, na nchi haikuporomoka.

Niliyepona Temeke

Wakuu naomba nichangie kama niliyeugua.

Mimi nilianzishiwa kituoni. Kliniki inafunguliwa asubuhi, na mimi kibarua changu asubuhi ndiyo kinaanza. Msimamizi wa kazi hakutaka kujua habari za TB, na nisingemwambia maana angenifukuza. Nikawa nachagua kati ya mkate na kidonge. Foleni yenyewe inakaa nje, wapita njia wote wanajua ile ni foleni ya nini. Mama mmoja wa mtaani kwetu alianza kuwazuia watoto wake kuja nyumbani.

Walipouliza kama naweza kupata msimamizi nyumbani nikamtaja dada yangu. Mara ya kwanza wakasita, kisha wakamwita, wakamfundisha: hesabu vidonge, weka alama kwenye kadi, angalia macho yasigeuke manjano, akilalamika kuona vibaya mlete haraka. Akawa ananiwekea uji kwanza ndipo ananipa dawa. Hakunisimamia kwa ukali hata siku moja. Lakini nilikuwa naona aibu kumwangusha.

Baada ya kupona nikajiunga na wenzangu tuliougua. Temeke ipo MUKIKUTE, kundi la watu waliopona TB wanaowatafuta wagonjwa wapya na kuwasindikiza. Ukimwambia mgonjwa "mkojo wangu nao ulikuwa mwekundu, usiogope", anakusikiliza kuliko daktari. Namwambia kila mgonjwa mpya: usikubali kupewa msimamizi usiyempenda.

Mwalimu Mstaafu

Pole sana kijana na hongera kwa kupona. Swali kwa mwanzisha uzi: nimesikia WHO hawapendi ndugu awe msimamizi. Sasa dada yake huyu tumweke wapi?

Mpima Makohozi

Swali zuri mwalimu, shikamoo. Mwongozo wa WHO wa 2017 unapendelea usimamizi wa nyumbani au kwenye jamii kuliko wa kituoni. Na kuhusu mtu wa kusimamia, unamweka mhudumu wa afya au mtu wa jamii aliyefundishwa mbele ya ndugu. Hofu yao ina msingi. Ndugu anaweza kuona haya kumbana mkubwa wake. Mke anaweza kutishiwa na mume. Shemeji akisafiri, dozi inakatika.

Lakini soma tena alichosimulia Niliyepona. Dada alifundishwa. Alijua dalili za hatari: macho ya manjano maana yake ini linaumia, na wakosaji wakubwa ni isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, kuona vibaya ni ethambutoli. Aliulizwa kama anaweza. Ndugu aliyetayarishwa hivyo ni tofauti kabisa na ndugu aliyeandikwa tu jina kwenye kadi ili kisanduku kisibaki wazi. Vituo vingi, kwa haraka ya foleni, vinaandika jina na kuishia hapo, na mimi hilo naliona ni kosa kubwa kuliko yote kwenye utaratibu wetu wa sasa. Dakika kumi za kumfundisha msimamizi zina faida kuliko miezi ya kumlazimisha mgonjwa apande daladala kila alfajiri.

Mwana wa Nandi

Niruhusuni niongee kutoka Kenya.

Sisi tulifika hatua ya kuwafunga wagonjwa. Mwaka 2010, Kapsabet, wanaume waliokuwa wameacha dawa za TB walipelekwa mahakamani na kuamriwa wakae gereza kwa miezi 8 ili watibiwe humo. Sheria iliyotumika ni ya Afya ya Umma, kifungu cha 27, ya tangu ukoloni. Gereza lenyewe limejaa watu wanaolala wamebanana. Mtu ana TB, unamweka kwenye chumba kisicho na hewa pamoja na mamia ya wengine, halafu unasema unalinda afya ya umma! Walitolewa baada ya mwezi na siku kadhaa kwa amri ya korti, lakini kesi ya msingi ikaendelea miaka. Machi 2016 Mahakama Kuu Nairobi ikaamua kwamba kuwafunga jela watu wa namna ile ni kinyume cha Katiba, na Wizara ikaagizwa iandae sera inayoheshimu haki zao.

Nataja hili kwa sababu wale wanaosema "wabanwe zaidi" wafikirie njia hiyo inaishia wapi. Jirani yetu akijua kwamba kuacha dozi kunampeleka jela, hatarudi kliniki kusema ameacha. Atajificha, atakohoa kwenye matatu na kanisani.

Kingine, Nairobi walijaribu njia ya simu. Mgonjwa anapata ujumbe kila siku kwa simu ya kawaida, si lazima iwe ya intaneti, anathibitisha amemeza. Asipojibu anakumbushwa tena, akiendelea kunyamaza anapigiwa simu na mtu aliyepitia TB mwenyewe. Matokeo yalitolewa mwaka 2019: matibabu yaliyoharibika, yaani aliyefariki, aliyepotea au ambaye dawa zilishindwa, yalikuwa 4.2% kwa waliopata huduma hiyo na 13.1% kwa waliopata huduma ya kawaida. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 1,000 kutoka kliniki 17. Hakuna aliyewatazama wakimeza.

Nesi wa Zamu

Mwana wa Nandi, hilo la kupigiwa simu na aliyeugua limenigusa. Sisi tunapiga kwa salio letu wenyewe.

Lakini naomba tusiwasahau walevi wa gongo, wanaolala stendi, na wachimbaji wanaohama machimbo kila mwezi. Hao hawana dada wa kuwapikia uji. Wengine hawana hata simu.

Mpima Makohozi

Dada, hapo tuko pamoja, na sitaki uzi huu utafsiriwe kwamba usimamizi ufutwe. Asiye na mtu anamhitaji mtu. Ila sasa fikiria: huyo wa stendi, akiambiwa aje kituoni kila siku, atakuja? Mhudumu wa jamii akimfuata stendi anakouza maji, na pengine akamwekea chai, atamkuta.

Kundi jingine ni TB sugu. Hospitali ya Kibong'oto, Siha, ilianza kama sanatoria mwaka 1926, na kuanzia mwaka 2009 ndiyo iliyopokea wagonjwa wa TB sugu wa nchi nzima. Zamani tiba yake ilikuwa karibu miaka miwili, miezi mingi ya mwanzo ikiwa na sindano kila siku, na sindano zile ziliwaacha wengine viziwi. Mtu anatoka Lindi au Kigoma analazwa Kilimanjaro, mbali na wanawe. Baadaye huduma ikashushwa mikoani. Na tangu mwaka 2022 WHO inapendekeza tiba ya miezi 6 ya vidonge tu kwa wengi wao: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Linezolidi inaweza kuharibu mishipa ya fahamu na kupunguza damu. Mgonjwa wa dawa hizi nataka aonwe na mtu kila siku, tena anayejua anachokiangalia. Hapo sababu kubwa ya kumwona ni kuwahi madhara kabla hayajamlemaza.

Na gharama. Dawa za TB ni bure, lakini kuugua si bure. Kenya walipima mwaka 2017: kaya zaidi ya robo zilizo na mgonjwa wa TB ya kawaida zilitumia zaidi ya sehemu ya tano ya kipato cha mwaka kwa sababu ya ugonjwa, na kwa TB sugu ni zaidi ya 80% ya kaya. Nauli, chakula, siku za kazi zilizopotea. Kila safari ya kituoni tunayomlazimisha mgonjwa bila sababu ya kitabibu tunaiongeza kwenye deni hilo. Ningekuwa na uwezo wa kupanga bajeti, fedha ya kwanza ningeiweka kwenye nauli na unga, ya pili kwenye posho na salio la simu la wahudumu wa jamii.

Mwalimu Mstaafu

Je, video? Mjukuu wangu yuko Ulaya, anasema kule mgonjwa anajirekodi akimeza.

Mpima Makohozi

Ndiyo mwalimu, na WHO inaikubali mahali ambapo mitandao na simu zinaruhusu. Kwa mgonjwa wa Dar mwenye simu nzuri na kazi ya ofisini, inamwondolea foleni. Kwa kijiji kisicho na umeme wa kuchajia, tusijidanganye. Tena hakikisha kuna mtu anayeitazama video na anayepiga simu isipokuja. Bila huyo, ni mafaili tu.

Kaka wa Mgonjwa

Wakuu nimefuatilia uzi wote kimya. Mdogo wangu ana mwezi wa pili kwenye dawa, yuko Morogoro, anatakiwa aende Geita kazini, machimboni. Mke wake ndiye msimamizi na hawaendi pamoja. Anasema atabeba dawa za kutosha, akimaliza atatafuta nyingine huko. Nimemkatalia lakini sina hoja. Afanyeje?

Mpima Makohozi

Asiondoke kimya kimya, hiyo ndiyo hoja. Akiondoka bila kuaga, rejesta ya Morogoro itamwandika amepotea, na Geita hawatakuwa na habari zake. Afanye hivi: aende kliniki yake na mke wake, aseme tarehe ya safari, aombe fomu ya uhamisho na dawa za kumfikisha. Aulize namba ya simu ya mratibu wa TB na Ukoma wa wilaya anayoenda. Fomu ile inaonyesha alianza lini, anatumia dawa gani na uzito wake, kwa hiyo huko hawatamwanzisha upya wala kumkatisha.

Mwisho wa mwezi wa pili anatakiwa kupimwa makohozi tena, na kipimo hicho kinaangukia kwenye safari. Kama anaweza kusogeza safari siku chache, apime kwanza. Kama hawezi, aseme akifika, siku ya kwanza.

Machimboni kuna vumbi, na waliovuta vumbi la mawe kwa miaka wanaugua TB kwa urahisi zaidi. Ajitahidi kufunika pua na asilale kwenye chumba kisicho na madirisha. Msimamizi mpya amchague mwenyewe akifika: mwenzake wa chumbani, mama wa mgahawa anapokula kila siku, yeyote anayemwona asubuhi na anayeweza kutunza siri. Ampeleke kituoni akafundishwe. Na mkewe aendelee kumpigia simu jioni.

Kaka wa Mgonjwa

Ahsante sana mkuu. Nimempigia, amekubali kusogeza safari apime kwanza. Mke wake anauliza kama na yeye na watoto wapimwe?

Mpima Makohozi

Wapimwe wote, na wasisubiri kukohoa. Watoto wa chini ya miaka 5 kipaumbele, hao TB huwashika haraka na huweza kufika hadi kwenye ubongo. Wasipokutwa na ugonjwa, watoto hao wanaweza kuanzishiwa dawa ya kinga. Waende siku ile ile anayoenda kuchukua fomu, wote waandikwe kwa safari moja.